Kodi ya Miezi Sita: Nani Anamkopesha Nani?

Anayetafuta nyumba ya kupanga Tabora, awe mwalimu aliyehamishiwa, mwanafunzi wa chuo au fundi aliyefuata kazi za reli ya kisasa, huulizwa mambo mawili kabla hajaonyeshwa hata mlango: bajeti yako ni shilingi ngapi, na unalipa miezi mingapi. La kwanza halina ugomvi mkubwa; wa kununua na wa kuuza hukutana mahali. Ugomvi uko kwenye la pili. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, mwingine mwaka mzima, na funguo hazitoki mpaka hela ihesabiwe.

Hoja iliyowekwa mezani ni hii: kudai kodi ya miezi sita mbele ni kumwonea mpangaji. Wanaoijadili ni watano. Sikuwapa majina kwa sababu hakuna kati yao aliye mtu mmoja. Nimewaunda kwa maneno yanayosemwa kwenye vijiwe vya kahawa, na kila mmoja amebeba hoja za wengi. Nami nimejipa ruhusa ya kudakia, wala sijifanyi mwamuzi asiye na upande.

MWALIMU: Shikamoo mzee, shikamoo mama. Mimi naanza na hesabu, ndiyo somo langu. Mshahara unaingia mwisho wa mwezi, mmoja mmoja. Hakuna mwajiri anayenilipa miezi sita kabla sijaingia darasani. Tuseme chumba na sebule kule Ipuli ni laki moja. Miezi sita ni laki sita. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, inakuwa laki saba. Sijanunua godoro, sijajaza gesi, na hela ya uhamisho bado naifuatilia. Nimefika mji nisio na ndugu, na jambo la kwanza ninaloambiwa ni kutoa hela ambayo kwa kazi yangu siwezi kuwa nayo. Kama huo si uonevu, niambieni ni nini.

MAMA MWENYE NYUMBA: Marahaba, mwanangu. Hesabu yako nimeisikia, sasa sikia yangu. Ile nyumba unayoiona ina vigae na geti haikuota. Kiwanja nilinunua kwa karatasi ya serikali ya mtaa. Tofali nilichoma pale pale kiwanjani, zikanyeshewa masika mawili kabla sijapata hela ya msingi. Benki nilikwenda. Wakaniomba hati, sina. Wakaniomba salari slipu, mimi nauza unga na dagaa sokoni. Basi nikaezeka vyumba viwili, nikaweka mpangaji, kodi yake ya mwaka ikapiga plasta vyumba vingine viwili. Aliyefuata akaweka dari. Aliyefuata akavuta maji. Ningekuwa nalipwa laki laki kila mwezi, zingeishia kwenye mboga na ada, na wewe leo ungeonyeshwa pagala.

Naomba msomaji aishike kauli hiyo ya mama. Ndani yake mna jambo kubwa kuliko alivyokusudia, nami nitalirudia wengine wakishasema yao.

DALALI: Ticha, na wewe mama, naona mimi nimetajwa kama mwizi wa laki moja. Tuelewane. Hii kazi wengine wanadhani ni kupiga picha mlango na kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Mteja mmoja namzungusha nyumba sita. Ya kwanza choo kiko nje, hataki. Ya pili hakuna parking, na gari lenyewe hana. Ya tatu mwenye nyumba hataki watoto. Ya nne tumefika, tunaambiwa imechukuliwa asubuhi. Mafuta ya bodaboda nani analipa? Ndiyo maana nachukua kitu kidogo cha kuonyesha. Na hiyo laki moja siili peke yangu. Kuna kijana aliyeniambia nyumba iko wazi, kuna dalali wa mtaa ule ambaye usipomkatia kwake, kesho hakupigii. Tukigawana, mtu anabaki na hela ya chakula cha siku mbili.

MWALIMU: Kaka, kazi yako siikatai. Nakataa vile unavyolipwa. Kodi ikipanda na wewe unapata zaidi. Sasa utanisaidiaje kuishusha?

DALALI: Hilo ni kweli, sibishi. Lakini bei siipangi mimi. Tangu mkataba wa reli ya Makutupora hadi Tabora usainiwe Desemba 2021, na ule wa Tabora hadi Kigoma mwaka mmoja baadaye, wanakuja watu ambao kampuni ndiyo inawalipia nyumba, na kampuni haina shida na mwaka mzima. Mwenye nyumba akishaonja mwaka, miezi mitatu yako anaiona dharau.

BINTI WA CHUO: Samahani wakubwa zangu, shikamooni. Mwalimu anapata mshahara, sisi je? Sisi boom la mkopo likichelewa, wote tumekwama. Na chuo kikifunga narudi kwetu Nzega, chumba nakiacha na ndoo na godoro, kodi inatembea. Nalipia miezi ambayo anayelala chumbani mwangu ni panya. Halafu kuna habari ya LUKU ambayo hamjaigusa. Tuko vyumba vinne, mita moja. Jirani ana friji na pasi, mimi nina taa na simu, tunachanga sawa kwa sawa. Na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye umeme, elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikawa elfu moja mia tano. Jengo ni la mama, kodi ya jengo nalipa mimi kila ninapoingiza namba za umeme.

MAMA: Mwanangu, mbona hukuwahi kuniambia nikurudishie?

BINTI: Mama, nilikuambia. Ukasema ni hela ndogo.

MAMA: Ni ndogo kweli.

Hapa wote walicheka, na mimi nimeuacha mzaha wa mama upite ingawa si mzaha mtupu. Elfu kumi na nane kwa mwaka si hela ya kumfilisi mtu. Ila inaonyesha desturi: kila gharama isiyo na mwenyewe huangukia kwa aliyeingia mwisho. Serikali ilipoanza kuikata kodi hiyo kwenye umeme, jibu kwa wapangaji lilikuwa kwamba wakaelewane na wenye nyumba zao. Anayejua namna mpangaji wa mwezi wa kwanza anavyoelewana na mwenye nyumba atajua jibu hilo lina uzito gani.

MZEE, MSTAAFU WA RELI: Mmemaliza? Basi nami niseme. Mji huu haujaanza jana kupokea wageni. Reli ilifika hapa 1912, ikaingia Kigoma 1914. Na kabla ya reli watu walikuja kwa miguu kutoka Bagamoyo na pwani yote ile. Wazungu wawili, Burton na Speke, walitoka pwani Juni 1857, wakaingia Kaze, yaani hapa hapa, mwezi wa Novemba. Hawakutafuta dalali. Alikuwapo mwenyeji, Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani; akawapokea, wakakaa zaidi ya mwezi, akawatafutia wapagazi na mahitaji. Mgeni alikuwa na mwenyeji wake. Leo mgeni ana namba ya simu ya kijana asiyemjua.

MWALIMU: Mzee wangu, kwa heshima. Njia ile ilipitisha pembe na ilipitisha watumwa. Waliofungwa minyororo hawakupokewa na Snay. Tusije tukaisifu kupita kiasi kwa sababu ilikuwa na wenyeji wakarimu kwa waliokuja na bunduki na bidhaa.

MZEE: Umesema kweli, na sikuisifu. Hata ukarimu wenyewe ulikuwa na bei. Mzungu mwingine, Stanley, alipofika 1871 alipewa tembe Kwihara akae bila kulipa senti. Miezi miwili haikupita akawa vitani pamoja na Waarabu dhidi ya mtemi Mirambo, na wakapigwa. Kwa hiyo nyumba ya bure nayo inalipiwa. Ninachosema mimi ni kimoja tu: mgeni wa wakati ule alikuja akijulikana. Msafara wa Burton uliongozwa na Said bin Salim, mtu wa Zanzibar, na Zanzibar ilijua nani ametumwa wapi. Mama hapa hamjui mwalimu. Miezi sita ni bei ya kutojuana.

MWALIMU: Lakini mimi nina barua ya uhamisho, ina muhuri wa serikali! Nina kitambulisho cha NIDA, nina shule inayonijua, na mkuu wa shule namba yake iko wazi. Snay bin Amir hakuwahi kupata mgeni mwenye karatasi nyingi kama zangu.

MAMA: Barua ya uhamisho inaniambia umekuja, mwanangu. Hainiambii utaondoka lini, wala ukiondoka utaacha bili ya maji ya miezi mingapi.

Jibu hilo la mama ni zuri, ila nataka nirudi kwenye maneno yake ya mwanzo. Alisema mpangaji wa kwanza alipiga plasta, wa pili akaweka dari, wa tatu akavuta maji. Hapo hakuna kutojuana, pana ujenzi. Mzee anadhani miezi sita ni dhamana ya tabia. Mama mwenyewe ametuambia ni mtaji. Hivyo ni vitu viwili, na mjadala huu wa miezi sita unazunguka pale pale kila mwaka kwa sababu tunavichanganya.

Chukua ile laki sita ya mwalimu. Siku anayoingia anadaiwa mwezi mmoja tu, laki moja. Laki tano zilizobaki si kodi bado, kwa kuwa hajakaa hiyo miezi. Ni mkopo aliompa mama. Mwezi wa pili mkopo umebaki laki nne, wa tatu laki tatu, mpaka unaisha mwezi wa sita, kisha unaanza upya. Mkopo huo hauna riba. Na mwalimu ameutoa wapi? Kama ana bahati, kwenye kikoba, ambako atarudisha na riba. Kama hana, kwa wale wa kausha damu, ambako atarudisha na kitanda. Anakopa kwa riba ili akakopeshe bila riba. Hapo ndipo ulipo uonevu, kama neno hilo lazima litumike, na mama hakuutunga yeye. Benki iliyomnyima kwa kukosa hati ndiyo iliyomtuma kwa mwalimu.

MZEE: Enhe! Sasa umefika kwenye jambo la mji huu. Tabora imejengwa kwa mikopo. Bidhaa zilizopita hapa kwenda Ujiji na Manyema, nguo, shanga, waya, nyingi hazikuwa za wale waliozibeba wala za wenye misafara. Zilikuwa za matajiri wa Zanzibar. Tippu Tip mwenyewe alikopeshwa na Taria Topan, Mhindi wa Unguja. Na mpagazi wa Kinyamwezi hakunyanyua mzigo pwani bila kupewa arubuni yake. Lakini kila arubuni ilikuwa na kipimo. Mzigo frasila mbili, kilo thelathini na kitu, kutoka hapa mpaka pale, posho kiasi hiki. Aliyekopesha alijua amekopesha, na aliyekopa alijua anadaiwa.

BINTI: Kumbe tatizo la mwalimu ni kwamba amekopesha bila kujua.

MZEE: Ndivyo, binti yangu.

DALALI: Nami ndiye nilikuwa nakusanya mikopo bila kujua! Ningedai zaidi.

MAMA: Ngojeni kwanza. Mnanigeuza mdaiwa ndani ya nyumba yangu? Kuna kitu mzee anakijua na hakisemi. Mwaka 1971 serikali ilichukua nyumba za watu. Aliyekuwa na jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja za wakati ule alilala tajiri akaamka hana kitu, jengo liko kwa Msajili wa Majumba. Halafu ikaja sheria ya mwaka 1984 ya kuzuia kodi kupanda, na kumtoa mpangaji ikawa mpaka baraza. Baba yangu alisema hatajenga nyumba ya kupangisha maisha yake yote, na hakujenga. Sheria ile imefutwa 2005, ndiyo maana mimi nimejenga. Sasa mkianza tena habari za mpangaji ana haki hii na hii, tutarudi kule kule.

Mama ana kumbukumbu nzuri, na si yeye peke yake. Hofu ya 1971 iliishi muda mrefu kuliko Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Ila kumbukumbu hiyo ina upande wa pili ambao yeye hakuugusa, na mzee ameuishi.

MZEE: Mimi nilipoajiriwa reli nilipewa kota. Sikuzunguka na dalali. Mwalimu wa wakati ule alipewa nyumba ya shule, bwana afya nyumba ya serikali. Mwajiri aliyekuhamisha alijua lazima ulale mahali. Kuanzia 2002 serikali ikauza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakizikaa. Waliouziwa walifurahi, na sisemi walikosea. Lakini mtumishi aliyekuja baadaye amekuta mwajiri hana nyumba, na mzigo wa kumlaza umehamia kwa huyu mama muuza dagaa. Halafu tunashangaa mama anataka hela mbele.

MWALIMU: Hapo mzee umenipa hoja ambayo sikuwa nayo. Kama mwajiri ndiye aliyenileta, kwa nini yeye asimpe mama dhamana, nami nikatwe kwenye mshahara kila mwezi?

DALALI: Kwa kuwa hela ya serikali inachelewa, ticha. Mama atangoja mpaka nyumba ianguke.

Kuna nchi iliyojaribu kitu kinachofanana na wazo la mwalimu. Ghana ina sheria ya mwaka 1963 inayomkataza mwenye nyumba kudai zaidi ya kodi ya miezi sita mbele. Sheria iko wazi, na Accra watu wanadaiwa miaka miwili. Mwaka 2023 serikali yao ikaanzisha mpango wa kumkopesha mpangaji ile kodi ya mbele, yeye anarejesha kwa mwezi. Sisemi mpango huo umefaulu. Natazama walichokiri kwa kuuanzisha: katazo peke yake halikumshinda mwenye nyumba anayehitaji mtaji, ikabidi mtu mwingine autoe mtaji huo. Hapa kwetu mawaziri wa ardhi wamekuwa wakiahidi kuikomesha miezi sita, na kila ahadi inapotolewa wenye nyumba huitikia hadharani na kuendelea uani.

MAMA: Na hao wanaolipa kila mwezi mnawasifia nini? Mdogo wangu yuko Nairobi. Wanalipa kwa mwezi, ndiyo, na diposi ya mwezi mmoja. Tarehe tano ikipita hajalipa, anarudi kazini anakuta kufuli jipya mlangoni. Mimi nikishakupokea miezi sita, sikusumbui. Ukiugua, ukifiwa, ukikosa mshahara mwezi mzima, umelala kwako. Hilo nalo mlihesabu?

MWALIMU: Sikulihesabu, mama. Ni kweli lina thamani.

BINTI: Lina thamani kwa mwenye nazo.

Mahali pa kupima haya yote si kwenye hoja, ni pale pale mlangoni siku ya kuonyeshwa nyumba, na mimi nina neno juu ya siku hiyo kwa sababu ndipo mpangaji anapopoteza nguvu zake zote. Watu hutazama vigae na rangi. Tazama dari kwanza: alama ya duara la kahawia pembeni ni bati linalovuja, na mwenye nyumba atakuambia ni ya zamani. Tazama chini ya fremu za milango. Tabora ni nchi ya mchwa. Mstari mwembamba wa udongo unaopanda ukutani, hata uwe umepakwa rangi juu, maana yake mbao inaliwa. Fungua bomba uliache litiririke. Maji ya Ziwa Victoria yalipofika mjini watu waliacha kulitegemea bwawa la Igombe peke yake, lakini bomba kuwa ukutani ni jambo moja na maji kupanda mpaka bafuni ni jambo jingine. Uliza jirani, si dalali, yanatoka siku gani. Kisha omba kuona mita ya umeme na uulize inahudumia milango mingapi. Hayo yote huchukua nusu saa. Mpangaji wa Tabora hujinyima nusu saa hiyo kwa kuwa dalali anamwambia kuna mteja mwingine yuko njiani, naye anatoa laki sita kwa haraka ambayo asingenunulia hata kuku.

DALALI: Wakati mwingine huyo mteja yuko kweli.

Wakati mwingine, ndiyo.

Sasa turudi kwenye hoja. Mimi siungi mkono kwamba miezi sita ni uonevu, wala siungi mkono kwamba ni desturi tu ya mji. Ni mkopo, na tukishauita hivyo madai ya mpangaji yanabadilika. Haombi huruma tena. Anamwambia mama: nimekukopesha laki tano, niandikie. Andika kiasi, andika tarehe inayoishia, andika kwamba nikihamishwa mwezi wa tatu miezi mitatu iliyobaki ni deni lako kwangu na utalilipa lini. Andika LUKU inagawanywaje na kodi ya jengo inarudishwaje. Na kwa kuwa hela yangu imekufanyia kazi kabla ya wakati wake, nipunguzie.

MAMA: La kuandika nakubali. Karatasi hainipunguzii kitu. Ila hilo la kurudisha miezi iliyobaki ni gumu. Ukiondoka mwezi wa tatu, hela yako imeshakuwa dari. Nitabandua dari nikupe?

MWALIMU: Mama, unasemaje siku zote? "Leta mtu." Mpangaji akiondoka unamwambia alete mtu wa kuchukua nafasi yake, amalizane naye. Basi na hilo liandikwe. Kwamba nikileta mtu utampokea, usimkatae ukaanza naye miezi sita mipya huku yangu ukiwa umeila.

MAMA: Nikimwona ni mtu wa fujo je?

MWALIMU: Basi nirudishie hela yangu.

MZEE: Hapo pana haki, mama. Ama mtu, ama hela. Mkishindwana kuna baraza la kata lisuluhishe, na likishindwa kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini baraza litasoma nini kama hakuna mlichoandika?

MAMA: Haya, mzee wangu. Ama mtu, ama hela, ila hela nilipe kwa mafungu. Na hizo LUKU nitaweka submita kila mlango, kila mtu aonje friji yake. Kupunguza bei, hapana.

BINTI: Mama, ukipewa mwaka mzima kwa mpigo na ile kampuni ya reli, huwa hupunguzi?

MAMA: Kampuni huwa napunguza kidogo. Wanajua kuomba.

BINTI: Basi na sisi tunaomba.

MAMA: Ninyi mnaomba mkiwa mmeshashusha godoro.

Ni kweli tupu, na ni sababu nyingine ya kuiheshimu ile nusu saa ya mlangoni. Anayejadili bei akiwa na godoro juu ya bajaji hajadili, anaomba.

MWALIMU: Mimi godoro sijanunua bado. Kwa hiyo nasema sasa: laki tano na nusu kwa miezi sita, yote leo, na mkataba tuandike nakala mbili mbele ya mjumbe.

MAMA: Laki tano na themanini.

MWALIMU: Laki tano na sitini, na ile alama ya dari chumbani unaziba wewe.

MAMA: Ile ni ya zamani.

MWALIMU: Ya zamani zaidi ya mvua za mwaka huu?

MAMA: Sawa, nitaita fundi. Sitini.

DALALI: Samahani, kabla hamjapeana mikono. Udalali wangu wa mwezi mmoja ni ule wa laki, au ndiyo tunagawanya hiyo laki tano na sitini kwa sita?